Rejareja

Alhamisi, saa moja kasoro. Kisumu bado haijapata jasho.
Nafungua kabati linaloatamia vimelea
kwa joto la mwili wa mtu,
natoa sahani ya Opondo.

Si sahani ya kulia. Ni plastiki pana kama kiganja,
ndani yake damu ya kondoo imegandishwa,
na juu ya damu ya kondoo, tone la damu ya mtoto
wa miezi kumi na minne.

Wameota.
Punje ndogo kama umande, kila moja imebonyea katikati
kama kizibo cha soda kwenye ubao wa drafti,
na kuizunguka kila moja kuna ukijani,
ule wa ziwa pale magugu yanapoozea.

Jana nilipanga humo vidoti vitano vya karatasi,
kila kimoja kimelowa dawa yake.
Dawa ikiwashinda, huacha duara tupu,
uwanja uliofagiwa kuzunguka nyumba.
Kidoti cha kwanza: majani yamefika mlangoni.
Cha pili: majani.
Cha tatu, cha nne: majani yameingia hadi jikoni.

Naandika kwenye rejesta: sugu, sugu, sugu, sugu.

*

Sikio la kufa halisikii dawa,
ndivyo tulivyofundishwa.
Hili halisikii, na halifi.

*

Peres Apondi, mama yake, aliniambia wodini
(sipaswi kupita wodini, lakini nilipita),
huku mbavu za mtoto zikididimia
kama hema lililong'olewa mambo:
"Dawa nilimpa, dada. Nilinunua Kondele.
Homa iliposhuka nikaacha,
zilizobaki nikamwekea ndugu yake."

Alisema kama mtu anayeonyesha risiti.

*

Mama yangu alikuwa na kibanda Obunga.
Chumvi, viberiti, mafuta ya taa ya kupima kwa kikombe,
na kopo la siagi lisilo na siagi:
ndani, vidonge vya rangi mbili, vyekundu na vyeusi.
Ukilitikisa lililia kama kayamba.

"Ya kichomi ipo?"
"Ipo. Shilingi tano."
Mwenye kumi alipewa viwili.
Mama alivifunga kwa ukurasa wa daftari langu la hesabu,
zile nilizokosa.

Nani aliwahi kununua dozi nzima?
Hata mkate tulikata robo.
Na mama hakuwa mwovu: nilimwona mzee Dwallo
akija siku ya tatu kwa miguu yake mwenyewe,
na samaki wa kushukuru.
Karo yangu ilitoka kwenye kopo lile,
sarafu kwa sarafu,
mpaka nikavaa koti hili jeupe.

Nao, huko kooni mwa mzee Dwallo,
huko puani mwa watoto waliolala wanne kitandani,
walikuwa wanasoma pamoja nami.
Karo yao ileile.
Leo kidonge kimoja, kesho nusu, keshokutwa hakuna.
Wa kufa wakafa.
Aliyebaki akampekua jirani aliyekufa,
akaokota kipande cha siri yake,
akakivaa kama kanzu ya marehemu.
Ikamkaa.

*

Kidoti cha tano kina uwanja.
Mwembamba, lakini umefagiwa.
Napima kwa rula, napima tena,
kisha napiga simu wodini mkono ukitetemeka.
Ipo moja. Ya sindano. Siku kumi, msikatize hata siku moja.
Hapa stoo imekwisha. Ipo duka la dawa, ng'ambo ya barabara.

Saa nne Peres yuko dirishani pangu.
Ameshikilia karatasi ya daktari kwa mikono miwili,
ameisoma, ameuliza bei, amerudi.

"Dada," ananiuliza polepole,
"hii hawauzi moja moja?"

Nafungua mdomo nimjibu,
na kitu cha kwanza ninachokisikia
ni kopo
likitikiswa.